Kwa Nini Taa Hupungua Kiangazi? Mwinamo wa Paneli za Sola Kitale na Bungoma



Wasomaji wetu wapenzi, wiki hii twajibu swali la mama mmoja wa hapa Pwani ambaye binti yake ameolewa Kitale. Nyumba ya binti iko nje ya mji, mahali ambapo nguzo za umeme hazijafika. Mwezi wa Juni mwaka uliopita, kwa akiba ya chama na nyongeza ya mume, walinunua paneli mbili za sola za wati 100 kila moja, betri, taa tano na televisheni ndogo. Fundi alizifunga paneli juu ya fremu ya chuma, zikainuka sana, nyuso zao zikielekea kibla. Umeme ukatosha, wakamshukuru Mwenyezi Mungu.

Ulipofika mwezi wa Disemba, mvua zikakatika na mbingu ikawa nyeupe pee, taa zikaanza kuzimika kabla watoto hawajamaliza kudurusu. Mume akamshuku mke kuwa yuaiacha televisheni ikiwaka mchana kutwa. Mke akaapa kuwa haiwashi. Fundi aliporudi, akashauri wanunue paneli ya tatu. Mama atuuliza: je, achangie ununuzi huo?

Jawabu letu ni kuwa asichangie bado. Mama ametuandikia jambo moja ambalo huenda hakulitilia maanani. Binti alipima kwa utepe akakuta kuwa paneli yenye urefu wa mita moja imeinuliwa hata ncha yake ya juu ikapita ya chini kwa sentimita 57. Kipimo hicho ni mwinamo wa digrii 35. Hapo ndipo penye shina la tatizo, na wala si katika tabia ya mke.

Jua lina pande mbili

Sisi watu wa Pwani tumezoea kuuita upande wa kaskazini kwa jina la kibla, kwa kuwa Makka iko karibu kaskazini mwetu kabisa. Kitale na Bungoma ziko magharibi zaidi, hivyo kibla chao huelekea kaskazini kikipinda kama digrii 13 kuingia mashariki. Tofauti hiyo ni kubwa kwa mwenye kuswali, lakini kwa paneli ya sola ni ndogo mno. Kwa hivyo katika makala haya tutasema "upande wa kibla" na "upande wa kusini", na kila mtu atatufahamu.

Kitale iko digrii moja tu kaskazini mwa ikweta, na Bungoma iko karibu nusu ya digrii. Mahali kama hapo, jua la adhuhuri halina upande mmoja wa kudumu. Karibu na tarehe 22 Machi hupita juu ya utosi. Kuanzia hapo hujongea upande wa kibla siku baada ya siku, hata ifikapo tarehe 21 Juni huwa limeuacha utosi kwa digrii 22 hivi. Kisha hurudi, likapita tena juu ya utosi karibu na tarehe 20 Septemba, likaingia upande wa kusini. Mnamo tarehe 21 Disemba huwa limefika kusini kwa zaidi ya digrii 24.

Hali hii ni kinyume cha nchi zilizo mbali na ikweta. London iko digrii 51 na nusu kaskazini, na jua lake la adhuhuri huwa kusini mwaka mzima, tena chini. Ndugu zetu wa Maskati nao wako zaidi ya digrii 23 kaskazini, na jua lao karibu siku zote huwa upande wa kusini. Watu wa nchi hizo wana haki ya kuinua paneli na kuielekeza upande mmoja, kwa sababu jua haliwahami. Kanuni yao ya kukadiria ni kuwa mwinamo wa paneli ukaribiane na umbali wa mji kutoka ikweta. Kanuni hiyohiyo ikipelekwa Kitale husema digrii moja, yaani karibu kulala chali.

Basi tumdhanie fundi kheri. Alifika mwezi wa Juni, akainua macho, akaliona jua upande wa kibla, akaielekeza paneli huko. Kwa siku ile alipatia. Kasoro ni kwamba aliifungia mwezi mmoja paneli itakayokaa miaka 20.

Hesabu ya hasara

Paneli hunywa mwangaza vizuri zaidi pale miale inapoipiga uso kwa uso. Miale ikija kwa mshazari, mwangaza uleule hutandazwa juu ya eneo kubwa zaidi, na kila sehemu ya paneli hupata kidogo. Mfano wake ni tochi ya usiku: ukiimulika ukuta moja kwa moja, duara huwa dogo na kali, ukiipindisha, duara hurefuka na kufifia.

Karibu na ikweta hesabu ya mwaka mzima ni nyepesi. Tukichukua mwangaza utokao moja kwa moja juani, na tukaifanya paneli iliyolala chali kuwa 100, paneli iliyoinamishwa digrii 10 kuelekea kibla au kusini hupata takriban 98. Ya digrii 20 hupata 94. Ya digrii 30 hupata 87. Ya digrii 45 huangukia 71. Tazameni jinsi hasara ilivyo ndogo mwanzoni na inavyokua upesi baadaye. Anayebishana na fundi kuhusu digrii 8 au 12 anapoteza wakati wake, lakini anayenyamazia digrii 35 anapoteza umeme wake.

Hiyo ni hesabu ya mwaka. Hesabu ya mwezi mmoja yaweza kuwa kali zaidi. Mwezi wa Juni, jua la adhuhuri hupishana na uso wa paneli za binti kwa digrii 13 tu, na ndiyo sababu zilifanya kazi vizuri, hata kuipita kidogo paneli iliyolala. Disemba jua huwa kusini kwa digrii 24 ilhali paneli zimetazama kibla kwa digrii 35. Zikijumlishwa, huwa digrii 59. Hapo paneli ni kama mtu aliyelipa jua kisogo. Hata tukihesabu mwangaza unaosambazwa na anga, hasara ya siku nzima hupita theluthi moja.

Tuyatie haya katika lugha ya nyumbani. Paneli za wati 200 zilizolazwa vizuri, siku ya jua jema, zaweza kutoa kiasi cha wati-saa 800 baada ya kutoa upotevu wa nyaya na betri. Ikipotea zaidi ya theluthi, hubaki kama 500. Zile 300 zilizopotea ndizo ambazo zingewasha taa tano za wati 5 kwa saa tano, na televisheni ya wati 40 kwa saa nne. Yaani ni jioni nzima ya familia. Mume alikuwa akiutafuta umeme huo kwa mkewe, ilhali ulikuwa ukipita juu ya paa kila mchana.

Kijiti na kivuli

Jambo hili halihitaji mitambo. Katika Sura ya Al-Furqan, aya ya 45, kivuli kimetajwa pamoja na jua kuwa ni dalili yake, na wazee wetu walikijua kivuli kabla ya saa za ukutani. Kwa kivuli walijua zawali, na kwa kivuli walijua kuingia kwa alasiri.

Simamisheni kijiti cha mita moja juu ya ardhi iliyosawazika, na mkinyooshe kwa timazi. Kitazameni wakati wa zawali, kivuli kinapokuwa kifupi kuliko nyakati zote za siku hiyo. Kitale huwa ni kama saa 6:40 mchana, na hutangulia au kuchelewa kwa takriban robo saa kulingana na miezi. Jua huifikia zawali ya Kitale dakika 19 hivi baada ya ile ya Mombasa, na mabinti zetu walioolewa huko wameshalitambua hilo kwa kusikiliza adhana za redio mwezi wa Ramadhani.

Mwishoni mwa Juni kivuli cha kijiti kile kitakuwa kama sentimita 41, kikilala upande wa kusini. Mwishoni mwa Disemba kitakuwa kama sentimita 45, kikilala upande wa kibla. Machi na Septemba, kwa siku chache, kitakaribia kutoweka. Mwenye kuviona vivuli hivyo vitatu kwa macho yake hatahitaji kuambiwa na mtu kuwa paneli yake isiegemee upande mmoja kupita kiasi.

Kwa asiye na dira, kuna siku mbili za kuijua kibla pasi na shaka. Tarehe 27 au 28 Mei saa 6:18 mchana, na tarehe 15 au 16 Julai saa 6:27 mchana, kwa saa za Kenya, jua huwa juu ya Al-Kaaba barabara. Kwa dakika hiyo, mahali popote jua linapoonekana, kivuli cha kijiti hulala kinyume cha kibla. Wekeni alama kwenye ukuta wa nyumba. Itawafaa kwa swala kwanza, na kwa fundi baadaye.

Mbona basi tusiilaze chali kabisa?

Kama paneli iliyolala ndiyo iliyopata 100, mtu atauliza kwa nini iinamishwe hata kidogo. Sababu ni vumbi na maji. Trans Nzoia ni nchi ya mahindi. Mavuno yakianza Oktoba na kuendelea hadi Disemba, mashine za kupukuchua hurusha makapi, na magari hutimua vumbi jekundu kwenye barabara za udongo. Vumbi hilo hutua juu ya kioo. Paneli iliyolala chali haioshwi na mvua: maji hutuama, hukauka, na matope hujikusanya kwenye ukingo wa fremu. Utepe mwembamba wa tope ukifunika safu ya chini ya seli, waweza kupunguza umeme wa paneli nzima, kwa kuwa seli zimeungwa mfululizo kama shanga za tasbihi na aliyezibwa huwazuia wenziwe.

Kwa hiyo mwinamo wa digrii 10 hadi 15 hutosha. Hasara yake kwa mwaka ni asilimia mbili au tatu hivi, na faida yake ni kuwa mvua huiosha paneli bila mtu kupanda ngazi. Kwa paneli ya mita moja, inueni ncha ya juu kwa sentimita 17 mpate digrii 10, au sentimita 26 mpate digrii 15. Ikifika sentimita 50 mmeshafika digrii 30, na hapo simameni muulize sababu.

Mapaa mengi ya mabati yana mwinamo wake tayari. Likiwa paa lina digrii 15 au 20, funganisheni paneli sambamba na mabati, na fedha ya fremu mkanunulie betri bora. Acheni tu nafasi ya kama sentimita 10 chini ya paneli ili upepo upite, kwani paneli ikishapata moto sana hupunguza kazi. Katika jambo hili baridi ya Kitale, iliyo karibu mita 1,900 juu ya bahari, ni neema ambayo sisi wa Mombasa hatunayo.

Upande gani wa paa?

Hapa tutazame mvua za nchi yenyewe. Kitale na Bungoma mvua huanza Machi au Aprili na kuendelea hadi Oktoba au Novemba. Kiangazi ni Disemba hadi Februari. Maana yake ni kuwa jua linapokuwa upande wa kibla, mawingu huwa mengi, na linapokuwa kusini, mbingu huwa wazi. Anayetaka jumla kubwa ya mwaka ataelekea kusini kidogo. Lakini nyumba inayotegemea betri haili jumla ya mwaka, bali hula cha siku ile. Mwezi wake wa dhiki ni ule wa mawingu, Julai au Agosti. Kwa nyumba kama hiyo, mwinamo mdogo wa digrii 10 kuelekea kibla huusaidia mwezi mgumu bila kuuharibu mwezi mzuri. Mawingu yakitanda, mwangaza hutoka kila upande wa anga, na hapo pia paneli iliyoinama kidogo huona anga kubwa kuliko iliyosimama.

Iwapo paa halitazami kibla wala kusini, bali mashariki na magharibi, msihuzunike. Katika nyanda hizo zilizo chini ya Mlima Elgon, siku nyingi za msimu wa mvua huanza kwa jua safi. Mawingu hujikusanya baada ya adhuhuri, na radi hunguruma jioni. Ubavu wa mashariki huchuma asubuhi kabla wingu halijafunga, basi ukiwa na hiari, uchagueni huo.

Kuliko yote hayo, tazameni vivuli. Mkaratusi uliokuwa mfupi nyumba ilipojengwa, mparachichi wa jirani, tangi la maji juu ya paa, hata waya wa kuanikia nguo: kila kimoja chaweza kuiba zaidi ya alivyoiba fundi kwa mwinamo. Na kwa kuwa jua lina pande mbili, mti usioitia kivuli paneli mwezi wa Juni waweza kuutia mwezi wa Disemba. Kabla ya kufunga, angalieni saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa, na mkumbuke kukadiria msimu wa pili.

Jawabu kwa mama

Tunamshauri mama amwambie binti na mumewe wafanye mambo manne, kwa utaratibu huu. Kwanza, wazifute paneli asubuhi na mapema zikiwa bado baridi, kwa maji na kitambaa laini chenye mpini mrefu, mtu akiwa chini. Kioo kilichochomwa na jua la mchana kisimwagiwe maji baridi ghafla, na mwanamke mwenye mimba au mtu mzima asipandishwe paani kwa ajili ya vumbi. Pili, watazame vivuli. Tatu, wamwite fundi aishushe fremu kutoka sentimita 57 hadi sentimita 17 au 26, na kukaza boliti upya, kwani upepo wa mlimani hauna huruma. Kazi hiyo ni ya saa chache. Nne, wasubiri wiki mbili wakiandika kila usiku taa zimezimika saa ngapi. Kama bado hazitoshi, ndipo waikague betri, na mwisho kabisa ndipo wafikirie paneli ya tatu.

Fundi awe na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, ambayo ndiyo inayowaidhinisha mafundi wa sola nchini, na kuomba kuiona si utovu wa adabu. Ikiwa mume yuko safarini, awepo mahramu au jirani mwanamke. Na aambiwe kwa lugha njema: "Fundi, twataka digrii 10 hadi 15." Fundi mwema hufurahi kukutana na mwenye nyumba anayejua anachokitaka.

Wasomaji wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu nao wana fungu lao. Kwetu jua huegemea kibla zaidi kidogo, kwa kuwa tuko kusini mwa ikweta, Mombasa ikiwa digrii nne. Mwinamo wa digrii 10 hadi 15 kuelekea kibla watutosha. Adui yetu si makapi ya mahindi bali ni chumvi ya bahari, na dawa yake ni maji matamu mara kwa mara.

Jambo la mwisho si la umeme. Katika barua ya mama kulikuwa na miezi miwili ya mume na mke kushutumiana kwa kosa ambalo hakulifanya yeyote kati yao. Kipimo cha utepe kilikuwa ndani ya nyumba siku zote hizo. Dini yetu inatuamrisha kuthibitisha kabla ya kutuhumu, na inatukataza israfu hata katika kilicho tele. Jua la Kitale ni tele, tena halina bili. Anayelipokea kwa mwinamo ulio sawa ameitunza neema, na huenda akawa ameitunza na amani ya nyumba yake.

Mwenyezi Mungu azitie nuru nyumba zetu, za Pwani na za bara, na awalinde mabinti zetu walio mbali na mama zao. Maswali yenu yaendelee kutufikia.

Wabillahi taufiq.